Uso wa Mshtakiwa: Uigizaji na Shaka katika Filamu Mbili za Televisheni kuhusu Kesi ya Lindbergh

Filamu ya taharuki inayosimulia tukio ambalo mwisho wake unajulikana huanza ikiwa imepoteza silaha yake kuu. Mnamo Februari 1976, televisheni ya NBC ilipoonyesha The Lindbergh Kidnapping Case, Wamarekani wengi waliokaa mbele ya runinga walikwisha kuijua habari yote. Walijua kwamba usiku wa tarehe 1 Machi 1932 mtoto wa rubani Charles Lindbergh, mwenye umri wa miezi 20, aliibwa kutoka chumbani mwake karibu na Hopewell, New Jersey. Kwamba fidia ya dola 50,000 ilikabidhiwa makaburini huko Bronx. Kwamba mwili wa mtoto uliokotwa vichakani tarehe 12 Mei. Na kwamba seremala mhamiaji kutoka Ujerumani, Bruno Richard Hauptmann, aliuawa kwa kiti cha umeme tarehe 3 Aprili 1936. Hapakuwa na la kusubiri. Hata hivyo filamu hiyo inamshika mtazamaji, na makala hii inadai kwamba kinachomshika ni kazi ya mwigizaji mmoja, Anthony Hopkins, aliyeigiza Hauptmann na kutunukiwa tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Mswada ulioandikwa na J. P. Miller unafuata kwa kiasi kikubwa rekodi ya mahakama, na rekodi hiyo ilimhukumu Hauptmann. Shaka inayotubakia tunapomaliza kutazama haitoki kwenye mswada. Inatoka usoni na kinywani mwa Hopkins, na ni shaka nzito kuliko ile tunayopewa na filamu ya miaka 20 baadaye iliyotengenezwa kwa nia ya kumtetea mtu yuleyule.

Ili tuone ugumu wa kazi hiyo, ni lazima tukumbuke uzito wa ushahidi uliokuwapo. Hauptmann alikamatwa Septemba 1934 baada ya mhudumu wa kituo cha mafuta kutilia shaka noti aliyolipwa na kuandika namba ya gari pembeni yake. Katika banda la gari lake polisi walikuta zaidi ya dola 14,000 za fidia zikiwa zimefichwa. Maelezo yake yalikuwa kwamba fedha hizo aliachiwa na rafiki yake Isidor Fisch, ambaye alikwisha kurudi Ujerumani na kufia huko. Arthur Koehler, mtaalamu wa mbao wa serikali, alieleza kwamba ubao mmoja wa ngazi iliyotumiwa na mtekaji ulikatwa kutoka sakafu ya dari ya nyumba aliyopanga Hauptmann. Haya yote ni ushahidi wa kimazingira, lakini ni ushahidi mzito. Pembeni yake kulikuwa na ushahidi wa aina nyingine kabisa, nao ndio unaoihusu hoja yetu zaidi. Usiku wa kulipa fidia, Lindbergh alikuwa ameketi garini nje ya makaburi, akasikia kwa mbali mtu akimwita mpatanishi wake, Dk. John Condon. Ulikuwa ni wito wa neno moja au mawili tu. Zaidi ya miaka miwili baadaye alikiri mbele ya jopo la uchunguzi la Bronx kwamba ingekuwa vigumu kwake kumtambua mtu kwa sauti hiyo. Kisha akaletwa, akiwa amejibadilisha asitambulikane, kumsikiliza Hauptmann akiyatamka maneno yale. Na alipopanda kizimbani kesi iliposikilizwa huko Flemington mwaka 1935 alisema bila kusita kwamba sauti ilikuwa ya Hauptmann. Mwanamume aliyekuwa shujaa wa taifa zima aliwaomba raia 12 waamini sikio lake. Bila shaka waliliamini.

Kwa hiyo sauti ya Hauptmann ilikuwa kielelezo cha kesi kabla haijawa kazi ya mwigizaji. Hopkins, mtu wa Wales, anaitengeneza sauti hiyo kwa lafudhi ya Kijerumani isiyotafuta kupendwa. Mwigizaji mwenye hamu ya huruma ya mtazamaji angeilainisha, angeitia unyonge wa mgeni asiyejua lugha. Hopkins anaipa ugumu, na pamoja nao kiburi cha fundi anayejua thamani ya mikono yake na kuudhiwa na watu wanaomhoji. Anapojibu kizimbani, hatujui kama ule ukavu ni wa muuaji asiyejuta au wa mtu asiye na hatia aliyeamua kutowapa maadui zake furaha ya kumwona akilia. Tabia zote mbili zinaenea katika mwili uleule. Jambo hilo halikubuniwa kwa ajili ya televisheni, kwani katika kesi yenyewe mwendesha mashtaka, David Wilentz, alipomhoji Hauptmann alimshambulia kwa sababu ya kutabasamu kwake, kana kwamba tabasamu ni ungamo. Kamera za filamu za habari zilinasa sehemu za mahojiano hayo kinyume cha agizo la Jaji Trenchard, na picha zikaonyeshwa katika majumba ya sinema kesi ikiwa bado inaendelea. Taifa likageuka mahakama ya pili, mahakama ya kusoma nyuso. Vurugu za Flemington zilichangia sana uamuzi wa chama cha mawakili wa Marekani, mwaka 1937, kupitisha kanuni ya kuzikataa kamera mahakamani. Filamu ya 1976 inakirudisha kile kilichokatazwa: inatuweka tena mbele ya uso wa mshtakiwa na kutuachia tuusome. Tofauti ni kwamba Hopkins hauruhusu uso huo usomeke.

Itasemwa kwamba hapa mwigizaji anapewa sifa za watu wengine. Mwongozaji Buzz Kulik ndiye aliyeamua kamera ikae wapi na kwa muda gani, na waigizaji waliomzunguka Hopkins walikuwa wazito: Joseph Cotten kama Condon, Walter Pidgeon kama jaji, Martin Balsam kama wakili wa utetezi, Cliff De Young kama Lindbergh mwenyewe. Pingamizi hili ni la haki, na kwa De Young lina nguvu ya pekee. Lindbergh wake ni mtu aliyekaza mwili wote, anayebeba msiba kama amri ya kijeshi, na ukimya wake unaukabili ukimya wa Hauptmann. Lakini tazama jinsi ukimya wa kila mmoja unavyopokelewa. Ule wa Lindbergh tunausamehe mara moja kwa sababu tunajua chanzo chake ni kifo cha mtoto. Ule wa Hauptmann hauna chanzo tunachoweza kukitaja, na hakuna kamera, hata ikae karibu namna gani, inayoweza kumtengenezea mtu undani ambao mwigizaji hakuuweka. Kulik alijua kungoja. Cha kungojewa kilitoka kwa Hopkins.

Ushahidi bora wa dai hili ni Crime of the Century, filamu ya HBO ya mwaka 1996 iliyoongozwa na Mark Rydell. Hii ilitokana na kitabu cha mwandishi Mwingereza Ludovic Kennedy cha mwaka 1985, kilichotetea kwa bidii kwamba Hauptmann alisingiziwa. Stephen Rea, mwigizaji hodari wa Ireland, anamwigiza Hauptmann mpole, mwenye macho ya huzuni, anayewapenda mkewe na mwanawe mchanga. Kila anachofanya kinaaminika. Tatizo ni kwamba filamu imekwisha kuamua, na uigizaji wake unatumwa kupeleka uamuzi huo kwa mtazamaji. Polisi wanampiga, mashahidi wanabadili maneno, nasi tunakasirika panapotakiwa. Hasira hiyo si bure, maana mengi yaliyofanyika katika upelelezi ule hayatetewi. Hata hivyo mtazamaji hatakiwi kupima lolote. Zile dola 14,000 na ule ubao wa dari vinakuwa vikwazo ambavyo wema wa Rea unavisukuma kando, ilhali kwa Hopkins vinabaki mezani, vizito vilevile, na bado hatuna uhakika. Ukitaka mtu aogope adhabu ya kifo kwa sababu ya udhaifu wa hukumu za binadamu, usimwonyeshe malaika akiuawa. Mwonyeshe mtu asiyependeka, mwenye ushahidi mbaya dhidi yake, ambaye huwezi kuapa kwamba alitenda.

Pingamizi zito zaidi ni la kimaadili. Mtoto alikufa, na mama yake, Anne, aliishi hadi mwaka 2001. Je, si dharau kuufanya msiba huo uwanja wa kuonyeshea ustadi, na kumpa mtu aliyehukumiwa kwa kuua kina ambacho mtoto hapewi? Hatari hiyo ipo, na filamu nyingi za utekaji nyara zimeanguka humo kwa kumfanya mtekaji kuwa mtu wa kuvutia. Hopkins mwenyewe angekuja kupata umaarufu mkubwa mwaka 1991 kwa muuaji wa aina hiyo, Hannibal Lecter. Lakini Hauptmann wake havutii. Hana werevu wa kutufurahisha wala maneno ya kukumbukwa. Heshima kwa mtoto aliyeuawa inadai tumpate aliyemuua kweli, na uigizaji unaokataa kutufanyia kazi hiyo kwa mbinu za uso unaiheshimu haki ya mtoto kuliko ule unaotuuzia uhakika, uwe uhakika wa hatia au wa kutokuwa na hatia.

Tena, filamu ya 1996 inapata uhai wake mkubwa pale inapoacha kumtetea Hauptmann na kumtazama Anna, mkewe, anayeigizwa na Isabella Rossellini. Anna wa kweli aliendelea kupigania jina la mumewe hadi alipofariki mwaka 1994, karibu miongo sita baada ya kuwa mjane. Rossellini hamchezi kama shahidi anayejua, kwa kuwa Anna hakuwa na namna ya kujua yote: fedha zile zilifichwa katika banda la gari bila yeye kuziona. Anapomwangalia mumewe gerezani, upendo wake uko wazi kabisa, na chini yake kuna kitu anachokikagua, kidogo kidogo, bila kukitamka. Katika matukio hayo mswada unasisitiza kwamba Hauptmann hana hatia, na mwanamke aliyeketi mbele yake bado anamtafuta usoni.