Ukarimu kwa Wahubiri Wasafiri katika Kanisa la Kwanza

Katika karne mbili za kwanza za Ukristo, Injili ilienea kwa miguu ya watu na kulala katika nyumba za watu. Kwa kawaida hapakuwa na majengo ya kanisa wala mishahara ya wahubiri. Yesu aliwatuma wale Kumi na Wawili bila dhahabu, bila mkoba wa safari na bila kanzu ya pili. Aliwaagiza kwamba wakiingia mjini wamtafute mtu anayestahili, wakae kwake hadi watakapoondoka. Kwa agizo hilo, nusu ya kazi iliwekwa mikononi mwa mwenyeji.

Nyumba za wageni za kulipia zilikuwepo kando ya barabara za Dola ya Rumi, lakini zilijulikana kwa wizi, ulevi na ukahaba. Matendo ya Yohana, maandishi ya kale yasiyomo katika Biblia, yanasimulia jinsi mtume huyo alivyosumbuliwa na kunguni katika nyumba ya namna hiyo hadi akawaamuru watoke kitandani. Mkristo aliyekuwa safarini alitafuta kwanza mlango wa ndugu. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinawataja wenye milango hiyo kwa majina na kwa kazi zao. Petro alikaa Yafa kwa Simoni, mtengenezaji wa ngozi. Huko Filipi, Lidia aliyeuza rangi ya zambarau aliwasihi Paulo na wenzake mpaka wakakubali kukaa kwake. Korintho, Paulo alikaa kwa Akila na Prisila, akashona mahema pamoja nao.

Picha iliyo wazi kuliko zote imo katika Waraka wa Tatu wa Yohana, ambao ndio mfupi kuliko vitabu vyote vya Agano Jipya kwa hesabu ya maneno ya Kigiriki. Mzee aliyeuandika anamsifu Gayo kwa kuwapokea ndugu asiowafahamu, watu waliokataa kupokea chochote kwa wasioamini ili neno lao lisidhaniwe kuwa biashara. Anamwomba pia awasafirishe, yaani awape masurufu ya kuwafikisha kituo kinachofuata. Kwa Mzee, anayefanya hivyo ni mtenda kazi pamoja nao. Hoja hiyo ni nzito: aliyebaki nyumbani akipika na kutandika kitanda ana sehemu katika mahubiri sawa na aliyesimama kuhubiri. Diotrefe, anayetajwa katika waraka huohuo, alifanya kinyume. Aliwakataa wageni hao, akawazuia waliotaka kuwapokea, na kuwafukuza katika kanisa.

Hata hivyo mlango haukuachwa wazi kwa kila mtu. Waraka wa Pili wa Yohana unakataza kumkaribisha nyumbani mwalimu anayeleta fundisho jingine, kwa kuwa anayempokea anashiriki kazi yake. Ndiyo maana wasafiri walibeba barua za utambulisho. Paulo alimwandikia Fibi wa Kenkrea maneno ya namna hiyo mwishoni mwa Waraka kwa Warumi.

Masharti ya wazi zaidi yamo katika Didake, kitabu cha mafundisho kilichoandikwa mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Kilipotea kwa karne nyingi, hadi Philotheos Bryennios alipokikuta Konstantinopoli mwaka 1873 katika nakala iliyoandikwa mwaka 1056. Kwa mujibu wa Didake, mtume anayepita apokewe kama Bwana mwenyewe, akae siku moja, au mbili kukiwa na haja. Akikaa siku tatu, huyo ni nabii wa uongo. Waswahili wangempa jembe siku hiyo ya tatu. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha mahali pa kulala, na akidai fedha ni mwongo. Nabii akiagiza meza iandaliwe huku akisema ameongozwa na Roho, asile chakula hicho. Msafiri wa kawaida anayetaka kuhamia sharti afanye kazi yake ya ufundi. Lakini nabii wa kweli akiamua kukaa, apewe malimbuko ya zabibu, nafaka, ng'ombe na kondoo. Masharti hayo yaliulinda ukarimu, kwani wenyeji waliodanganywa mara kwa mara wangefunga milango yao hata kwa wahubiri wa kweli.

Ukarimu huo uliwashangaza hata wapinzani. Mwaka 362 Kaisari Juliani, aliyetaka kurudisha ibada za miungu ya kale, alimwandikia Arsacius, kuhani mkuu wa Galatia, kwamba wema wa Wakristo kwa wageni umekuza dini yao. Aliagiza zijengwe nyumba za wageni katika kila mji. Tahadhari ile ya barua nayo iliendelea: Mtaguso wa Kalkedoni wa mwaka 451 ulikataza makasisi wageni kuhudumu bila barua ya askofu wao.

Kadiri monasteri zilivyoongezeka, sehemu ya jukumu la kuwapokea wageni ilihamia huko. Kanuni ya Benedikto ya karne ya 6, katika sura ya 53, inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo, na abati amimine maji mikononi mwake. Kanuni hiyo ndiyo inayoongoza monasteri za Wabenediktini hadi leo, zikiwamo zile za Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania.