Hadoki: samaki anayewatoa watu kitandani saa kumi usiku, na jinsi nusura Boston immalize

Saa kumi na moja alfajiri, bandari ya Gloucester, jimbo la Massachusetts kule Marekani. Ni mwezi wa tano lakini baridi bado inang'ata masikio. Watu kama thelathini wamejipanga gatini na makoti ya mvua, maboksi ya barafu na vikombe vya kahawa. Sio wavuvi hawa. Kuna fundi umeme, kuna dereva wa lori, kuna babu na mjukuu wake, kuna washkaji wanne waliokuja kula bethdei ya mwenzao na tayari wanajirekodi. Boti ya aina hii wenyewe wanaiita boti ya vichwa, maana unalipa kwa kichwa kama daladala. Ukiwa na mkwanja zaidi unakodi boti ndogo nzima, wewe na wenzako watano, mnapelekwa kibosi.

Wote hao wanamfuata samaki mmoja tu.

Hadoki ni samaki wa maji ya baridi, Atlantiki ya Kaskazini, binamu wa yule ambaye kamusi za Kiswahili humwita chewa (chewa unayemnunua Mombasa au Feri ni mwingine kabisa, usichanganye). Utamjua hadoki kwa mstari mweusi ubavuni na doa jeusi juu ya pezi, kama mtu kamshika kwa kidole chenye wino. Wazungu wa zamani walisema ni alama ya vidole vya Mtume Petro, siku alipomtoa samaki sarafu mdomoni. Stori tamu, ila Petro alivua ziwa Galilaya, maji yasiyo na chumvi, na hadoki hajawahi kufika huko. Wengine, hapohapo kwenye pwani ya New England, wakasema hapana, ni kidole cha shetani.

Boti inakata maji kama saa mbili hivi. Hapo ndipo washkaji wa bethdei wanaanza kunyamaza mmoja mmoja, maana bahari ya wazi haina urafiki na supu ya jana. Kapteni anaangalia mashine inayoonyesha samaki walipo, anapunguza mwendo, anapiga honi: shusheni! Kila mtu anaachia mshipi wenye ndoano mbili, nyama ya kombe na kipande kizito cha risasi, unazama mita 60, 70, mpaka ugonge chini. Hadoki anakula chini kabisa, kwenye changarawe na mchanga. Anadonoa kidogo tu. Na mdomo wake ni laini, kwa hiyo ukivuta kwa papara kama unavuta ndoo kisimani, unabaki na ndoano tupu huku jirani yako anacheka. Wengi wameshachangia dau asubuhi: atakayetoa samaki mkubwa kuliko wote anaondoka na fuko.

Kisha anakuja baharia na rula.

Samaki analazwa juu ya rula. Kipimo kimekuwa kikibadilika miaka ya karibuni, kikicheza kwenye sentimita 43 hadi 46 hivi. Akipungua hata kidogo, anarudi majini, hata kama umelipa na hata kama ndiye pekee uliyempata tangu asubuhi. Wageni wanalalamika sana hapo. Ila hiyo rula haikuwekwa na mtu mwenye roho mbaya.

Gloucester ni mji wa uvuvi tangu 1623. Kwa karne nyingi mfalme alikuwa chewa, kwa sababu anakubali chumvi: unamkausha, unampakia, anavuka bahari bila kuoza. Hadoki hakuwa na bahati hiyo. Chumvi haimkai vizuri, kwa hiyo wavuvi wengi walimwona samaki wa daraja la pili. Waskoti walimpenda wakimkausha kwa moshi, na mpaka leo ukiagiza samaki na chipsi Scotland, uwezekano mkubwa ni yeye. Lakini New England ilibidi isubiri barafu na usafiri wa haraka kabla ya kumheshimu.

Enzi hizo kazi ilifanywa na merikebu za matanga zilizobeba viboti bapa vinavyoitwa dori. Mkifika penye samaki, dori zinashushwa, watu wawili kila moja, wanatandaza kamba ndefu yenye mamia ya ndoano. Ukungu ukishuka, au upepo ukigeuka ghafla, dori inapotea na waliomo. Kwenye ufukwe wa mji kuna sanamu ya mvuvi aliyeng'ang'ania usukani, na majina ya zaidi ya watu 5,000 wa mji huo walioondoka na hawakurudi. Mji mmoja tu huo. Ukiwa kwenye boti ya vichwa unalipita sanamu hilo ukitoka bandarini, na mara nyingi ndipo watu wanapotoa simu kupiga picha.

Mwaka 1905 ndipo mchezo ulipobadilika. Boston ikapata meli ya mvuke iliyoitwa Spray, ya kwanza Marekani kuvua kwa wavu wa kukokota: mfuko mkubwa unaoburutwa chini ya bahari na kukusanya kila kilichopo njiani. Hakuna tena kusubiri samaki aamue kama ana njaa. Wavuvi wa ndoano walilalamika mapema kabisa kwamba mfuko ule utamaliza bahari. Walionekana wana wivu.

Halafu likaja jambo ambalo lilionekana dogo. Miaka ya 1920 wafanyabiashara wakaanza kuuza minofu, samaki asiye na kichwa wala miiba, na mvumbuzi mmoja akahamia Gloucester na mashine yake ya kugandisha chakula haraka. Ghafla mama wa nyumbani aliyeko mamia ya kilomita kutoka baharini, ambaye hajawahi kuona samaki mzima, ananunua pakiti safi dukani. Wakazi wa Mwanza wanaelewa mnofu unaweza kulifanyia nini soko, na ziwa. Na hadoki, yule wa daraja la pili, mnofu wake ni mweupe, laini, hauna shombo kali. Akawa staa.

Kufikia 1929 walivuliwa tani 120,000 hivi. Boston ililewa pesa. Meli za kukokota zikafika mamia.

Sasa shika namba hizi. Mwaka 1930 wanasayansi walipiga hesabu: hadoki milioni 37 walishushwa bandarini Boston. Na wengine kati ya milioni 70 na 90, watoto wadogo ambao soko halikuwataka, walitupwa baharini wakiwa wamekufa. Yaani kwa kila mmoja aliyefika mezani, kama wawili hivi waliishia kuelea nyuma ya meli. Hakuna aliyewaiba wala kuwala. Matundu ya nyavu yalikuwa madogo tu, basi.

Mwaka 1934 mavuno yakaporomoka hadi tani 28,000 hivi. Dawa ilijulikana: panua matundu, mdogo apite. Sheria ya kimataifa ya kulazimisha hilo kwa hadoki ilianza 1953. Karibu miaka ishirini baadaye! Watu wazima, wenye takwimu mezani.

Hadoki alijitahidi, akarudi kiasi. Miaka ya 1960 zikaja meli kubwa za kigeni, za Wasovieti na wengine, viwanda vinavyoelea vyenye majokofu tumboni, zikapiga kambi Georges Bank, ule mwinuko mkubwa wa chini ya bahari mashariki ya Massachusetts. Mwaka 1965 mavuno yakapanda hadi tani kama 150,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikawa kama mtu kazima taa. Wavuvi wa Marekani wakapiga kelele, Bunge likapitisha sheria 1976, na kuanzia 1977 wageni wakasukumwa nje ya maili 200. Gloucester ikasherehekea.

Na hapa ndipo stori inapouma, kwa sababu safari hii hakukuwa na Msovieti wa kulaumiwa. Wenyeji walinunua boti mpya, kubwa zaidi, zenye vifaa vya kisasa, nyingi kwa mikopo iliyosukumwa na serikali yao wenyewe, wakamalizia kazi. Desemba 1994 serikali ikafunga maeneo makubwa ya Georges Bank. Usiku mmoja unajua pa kuvua, asubuhi hupajui. Ikaja mpaka programu ya kuwanunulia wavuvi boti zao ili zisirudi tena baharini. Mtu mwenye miaka 50, ambaye baba yake na babu yake walikuwa wavuvi, anapokea hundi na kukabidhi boti. Kuna nyumba ambazo mpaka leo ukitaja wanasayansi wa samaki, chai inapoa.

Lakini hadoki alirudi. Mwaka 2003 kikazaliwa kizazi kikubwa ambacho hakijaonekana kwa miaka mingi, na 2013 kikaja kingine kikubwa kuliko hicho. Chewa, mfalme wa zamani, yeye hakurudi hivyo, na kuna wakati mvuvi wa starehe Ghuba ya Maine hakuruhusiwa kubaki na hata mmoja. Ndio maana boti za vichwa zilizokuwa zikitangaza chewa sasa zinatangaza hadoki. Samaki wa daraja la pili ndiye analipa mafuta, kapteni na baharia. Hata hivyo hakuna aliyestarehe: mwaka 2023 kiwango cha kuvua hadoki Ghuba ya Maine kilikatwa kwa zaidi ya asilimia 80, baada ya tathmini kuonyesha wamepungua kuliko ilivyodhaniwa.

Sasa rudi kwenye boti. Ni saa sita mchana, jua limetoka, washkaji wamepata rangi usoni. Mmoja anamvuta hadoki, mdogo kidogo kuliko rula. Anamrusha. Samaki anaelea ubavu, shakwe anamzungukia. Kutolewa mita 70 chini mpaka juu kwa dakika moja sio mchezo, na wanaopanga viwango huhesabu kwamba karibu nusu ya wanaorudishwa na wavuvi wa starehe hawaponi. Makapteni makini wakiona wadogo wamezidi, wanapiga honi, mishipi juu, wanahama, hata kama watu walikuwa wanafurahia. Abiria wengine hununa, maana kwao kuvuta ni kuvuta tu.

Wakati wa kurudi, baharia anasimama nyuma kwenye meza ya kukatia, kisu kinapita kama kwenye siagi, shakwe mia wanapiga kelele juu yake. Huko anatengeneza bakshishi yake. Babu anapokea mfuko wake, mjukuu anachungulia na kuuliza kwa nini kila mnofu umeachwa na kipande cha ngozi. Ni sheria, baharia anamwambia: kipande kidogo kibaki, ili mkaguzi akisimama gatini ajue huyu alikuwa samaki gani.