Meno ya Msumeno: Upasuaji wa Mbao na Usalama Wake katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero, lililoko kati ya safu ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, hufurika maji kila masika, na kwa sababu hiyo wakazi wake, hasa Wandamba, walikuwa mafundi wa mti kabla msumeno haujafika huko. Mtumbwi wa gogo moja, mvule ukiwa miongoni mwa miti iliyopendwa, ulichongwa kwa shoka na tezo, yaani chombo chenye bapa lililokaa mkingamo na mpini, ambacho fundi hukivuta kuelekea kwake. Kwa kuwa tezo humjia fundi miguuni, ubutu wake ulikuwa wa kuogopwa kuliko ukali, maana bapa butu huteleza juu ya mti mgumu badala ya kuuma.

Upasuaji wa mbao kwa msumeno mrefu wa watu wawili ulienea bara katika enzi za ukoloni, wakati majengo ya serikali na ya misheni, zikiwemo za Wakapuchini wa Uswisi waliopokea kazi ya Wabenediktini mwaka 1921, yalipohitaji mbao za vipimo sawa. Gogo lililazwa juu ya shimo au juu ya jukwaa la miti, mpasuaji mmoja akasimama juu kuongoza msumeno na mwenzake akawa chini akiuvuta huku unga wa mbao ukimwagikia machoni. Mstari wa kufuata ulipigwa kwa uzi uliopakwa masizi au unga mweusi wa betri kuukuu, ukavutwa ukakaza, kisha ukaachiwa ghafla ili uache alama juu ya gogo.

Nusu ya ustadi wa kazi hii ilikuwa katika matunzo. Meno yalinolewa kwa tupa ya pembetatu, kisha yakakunjwa kwa zamu, moja kushoto na lingine kulia, ili njia inayokatwa iwe pana kidogo kuliko bapa lenyewe. Asiyezingatia hilo aliona msumeno ukibanwa na mbao, ukapata joto na kupinda. Kadiri mpasuo ulivyorefuka, kabari, yaani kipande cha mti kilichochongwa ncha nyembamba, ilipigwa katika ufa ili pande mbili za gogo zisirudiane. Gharama ya uzembe haikugawanywa sawa, kwani gogo lililofungwa vibaya lilimwangukia wa chini, ambaye kwa desturi ya kazi hii alikuwa mwanafunzi au kibarua.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita Ifakara na Mlimba, ilifungua njia nyingine ya kusafirishia mizigo ya bonde kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1992 ulileta mabadiliko mawili yanayopaswa kutazamwa pamoja: misitu ya mlimani iliyokuwa hifadhi za kawaida iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na kwenye uwanda ikaanzishwa Kilombero Valley Teak Company, kwa mtaji wa CDC, shirika la uwekezaji la Uingereza, ambayo ilipanda takriban hekta 8,000 za mitiki. Mtiki una chembe za silika, madini yaleyale yaliyomo katika mchanga, nazo huyafanya makali kuwa butu upesi, hivyo kiwanda cha mti huo hakiwezi kuendeshwa bila mtu ambaye kazi yake ni kunoa tu.

Kwa wapasuaji wadogo, mrithi wa shimo ni mashine inayohamishika yenye injini ya dizeli, mkanda na msumeno wa duara, ambayo katika Nyanda za Juu Kusini imezoeleka kwa jina la dingdong. Kabari ya zamani inapaswa kuwa na mwenzake hapa: kisu chembamba cha chuma kinachosimama nyuma tu ya msumeno na kuuzuia ufa usijifunge, kwa kuwa ukijifunga, meno ya nyuma, ambayo huzunguka kwenda juu, hulinyanyua gogo na kumrushia mwendeshaji. Wengine hukiondoa kisu hicho, wakikiona kinachelewesha kazi, na huo ni uchumi mbovu. Aidha, injini ikizimwa msumeno huendelea kuzunguka kwa uzito wake. Mkono unaowahi kuondoa mabanzi, yaani vipande vya nje vya gogo, au kurekebisha mkanda, hukuta chuma ambacho bado hakijasimama.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu za mitambo zenye hatari zikingwe. Hata hivyo ukaguzi ni rahisi zaidi pale penye geti na ofisi kuliko kwa mashine iliyokodiwa kwa siku mbili, ikafungwa nyuma ya nyumba na kuhamishiwa kijiji kingine, huku anayeinoa, anayeiendesha na anayeilipia wakiwa watu watatu tofauti.