Laga Nyepesi ya Kupikwa Nyumbani (Sandton)

Laga nyepesi ya kupikwa nyumbani ni bia ya shayiri yenye rangi ya majani makavu, uchungu mdogo na kilevi cha asilimia 3.5 hadi 4.2, inayochachuliwa kwenye baridi na mpishi binafsi jikoni au gerejini kwake. Makala hii inaeleza inavyopikwa Sandton, kaskazini mwa Johannesburg, Afrika Kusini, hasa pale anayepikiwa ni mwenzi wa nyumbani asiyependa bia nzito wala chungu. Ni bia rahisi kunywa na ngumu kupika. Bia nyeusi humeza makosa ya mpishi. Laga nyepesi huyaanika.

Asili

Laga ya rangi ya dhahabu ilipikwa kwanza na Josef Groll mwaka 1842 mjini Plzeň, katika Ucheki ya leo. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alizalisha hamira safi kutoka seli moja, na tangu hapo ladha ya laga ikaweza kurudiwa pipa baada ya pipa. Laga nyepesi ya kisasa ilizaliwa Marekani. Mwanakemia Joseph Owades alitumia kimeng'enya kuvunja wanga ambao hamira hushindwa kuula. Bia iliyotokana na kazi hiyo, Gablinger's, iliingia sokoni mwaka 1967, na Miller Lite ikaenea nchi nzima mwaka 1975.

Methali husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wako wanaodhani bia nyepesi ni bia iliyozimuliwa. Laga ya nyumbani haipati wepesi wake kwa njia hiyo. Huupata kwa nafaka chache, na kwa hamira iliyokula sukari karibu yote.

Bia katika Johannesburg

South African Breweries, kampuni iliyoundwa mwaka 1895 juu ya msingi wa kiwanda cha Castle cha Johannesburg, ndiyo iliyoizoesha nchi ladha ya laga. Makao yake makuu yako Sandown, ndani ya Sandton. Castle Lite, iliyoanza kuuzwa mwaka 1994 ikiwa na kilevi cha asilimia 4, ndiyo bia ambayo mpishi wa nyumbani hulinganishwa nayo. Wanywaji wa Tanzania wanaijua pia, kwani huuzwa nchini humo na Tanzania Breweries.

Lakini upikaji wa nyumbani ni wa zamani kuliko kiwanda hicho. Umqombothi, pombe ya mtama na mahindi iliyo ndugu wa busaa ya Kenya, imepikwa na wanawake kwa vizazi vingi. Sandton ilipata manispaa yake mwaka 1969, na jina lake limeunganishwa kutoka Sandown na Bryanston. Ng'ambo ya barabara kuu ya M1 kuna Alexandra, iliyoanzishwa mwaka 1912, ambako wanawake walisomesha watoto kwa pombe waliyoipika huku wakikwepa misako ya polisi. Sheria ya Vileo ya mwaka 1928 iliwanyima Waafrika ruhusa ya kununua vileo vya Kizungu, na zuio hilo liliondolewa mwaka 1962 tu. Anayepika bia leo bila hofu upande wa pili wa barabara anarithi ustadi uliolindwa na wanawake hao.

Mwaka 2020, uuzaji wa vileo ulipopigwa marufuku kwa sababu ya UVIKO-19, nyumba nyingi zilijifunza kuchachua upya, hasa pombe ya mananasi. Kwa kawaida, kupika bia kwa matumizi ya nyumbani kunaruhusiwa Afrika Kusini. Kuuza kunahitaji leseni. Umri halali wa kununua kilevi ni miaka 18.

Mazingira ya Sandton

*Mwinuko.* Sandton iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko karibu na nyuzi 95 za Selsiasi. Kwa hiyo hopsi, kiungo kinachoipa bia uchungu, hutoa uchungu kidogo kuliko pwani, na harufu mbaya za kimea huchelewa kutoka na mvuke. Mpishi huongeza hopsi kidogo na kurefusha muda wa kuchemsha.

*Maji.* Maji ya bomba yanatoka Rand Water, shirika linalotegemea mto Vaal, ambao tangu mwaka 1998 huongezewa maji ya milima ya Lesotho. Hayana chumvi nyingi, jambo linaloifaa laga, lakini hutiwa klorini na kloramini. Kuchemsha peke yake hakuiondoi kloramini vizuri. Nusu kidonge cha metabisalfaiti hutosha kwa lita 40, na kazi huisha kwa dakika chache.

*Joto.* Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 4 hivi, na mchana wa Januari hufika 26. Msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, gereji isiyopigwa jua humpunguzia mpishi kazi ya friji. Miaka ya mgao wa umeme, hasa 2023, iliwafunza wapishi kulizungushia pipa blanketi na chupa za maji yaliyoganda, ili saa mbili au nne za giza zisipandishe joto.

Malighafi

Kwa lita 20 huhitajika kilo 2.7 za kimea cheupe cha shayiri, gramu 600 za sembe, gramu 30 za hopsi laini zenye asidi ya alfa ya asilimia 4, na pakiti 2 za gramu 11.5 za hamira kavu ya laga. Sembe huongeza kilevi bila kuongeza uzito mdomoni. Dona haifai: kiini cha punje kina mafuta, na mafuta huua povu. Afrika Kusini hulima hopsi zake karibu na mji wa George, Rasi ya Magharibi. Southern Promise, mojawapo ya aina hizo, ina uchungu mkali zaidi, hivyo gramu 12 hadi 15 zatosha.

Hatua za upikaji

1. Sembe hupikwa uji mwepesi kwa nusu saa, kisha huchanganywa na kimea kilichoparazwa na maji ya moto. Mchanganyiko hutunzwa kwenye nyuzi 64 kwa dakika 75. Joto likizidi 68, sukari isiyochachuka huongezeka na bia huwa nzito.
2. Maji matamu huchujwa, na machicha husuuzwa kwa maji ya nyuzi 75 hadi zipatikane lita 26.
3. Huchemshwa dakika 90 bila kufunikwa. Hopsi hutiwa zikibaki dakika 60.
4. Hupozwa upesi hadi nyuzi 10. Kuanzia hapa kila kitu kinachoigusa bia lazima kiwe kimetakaswa. Haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa maji hayo matamu, isome 1.036, kisha hamira hutiwa.
5. Huchachuka kwenye nyuzi 10 hadi 12 kwa wiki mbili hivi. Kipimo kikikaribia 1.010, joto hupandishwa hadi 16 kwa siku tatu ili hamira ile tena ladha ya siagi iliyoitoa yenyewe. Kipimo cha mwisho huwa karibu 1.006.
6. Hulazwa kwenye nyuzi 1 kwa wiki nne. Neno laga lenyewe limetoka Ujerumani na maana yake ni kuweka ghalani.
7. Hutiwa sukari gramu 130 na kufungwa katika chupa za kahawia. Chupa hukaa wiki mbili kwenye nyuzi 20, kisha friji. Bia isiyomaliza kuchachuka isifungwe, kwa kuwa chupa yaweza kupasuka.

Asiye na friji ya kuchachulia hutumia hamira ya Kölsch, bia ya mji wa Köln, kwenye nyuzi 15 hadi 17. Bia hiyo si laga, ila hukaribiana nayo sana ikilazwa kwenye baridi.

Kasoro na sababu zake

Harufu ya siagi hutokana na kuruka hatua ya nyuzi 16. Harufu ya mahindi ya kuchemsha huletwa na kuchemsha kwa muda mfupi au kufunika sufuria. Ladha ya tofaa bichi huonyesha bia iliyotolewa mapema. Harufu ya dawa ya hospitali ni klorini isiyoondolewa. Uvundo mkali kama wa kicheche ni kazi ya jua, ambalo katika nyanda hizi za juu huharibu bia ya chupa ya kijani upesi.

Kumpikia mwenzi

Mpishi wa nyumbani huvutwa na ladha kubwa: hopsi nyingi, kimea kilichokaangwa, kilevi kikali. Anayempikia mwenzi huanza kwa kuweka kando ulimi wake. Njia inayoaminika ya kumwonjesha ni vikombe vitatu visivyo na alama, viwili vya bia moja na kimoja cha nyingine. Kwanza atambue kilicho tofauti, ndipo aseme anachokipenda. Swali la kama bia ni nzuri huvuta jibu la upole, kwa kuwa mwenzi hataki kuvunja moyo wa aliyesubiri wiki nane. Swali la kikombe kipi angekimaliza hujibiwa kwa kweli.

Kila upishi hubadilisha jambo moja tu: gramu 5 za hopsi, nyuzi 2 za joto, au gramu 100 za sembe. Daftari huandika jambo hilo pamoja na maneno ya mwonjaji kama alivyoyasema. Baada ya pishi tatu au nne, daftari hilo huwa limekuwa maelezo ya mtu mmoja na anavyopenda kinywaji chake, na bia hulenga hapo. Upishi umefika mwenzi anapofungua friji mwenyewe, bila kuombwa kuonja, na kuchukua chupa isiyo na lebo.