Kawia Ufike: Habari za Thomas Stevens na Baiskeli Yake, 1884–1886

Tafuta penseli na kipande cha karatasi, maana leo ndani ya historia kuna hesabu kidogo.

Kwanza nakuuliza. Je, umepata kusafiri kwa baiskeli wakati wa masika? Kama umepata, huna haja ya kuelezwa. Asubuhi unaondoka nyumbani, njia kavu. Yapata saa tano mawingu yanafunga, na saa sita mvua imekukuta porini. Udongo unanata katika mpira, unajaa kati ya gurudumu na madigadi, hata gurudumu halizunguki tena. Tangu hapo si baiskeli inayokuchukua wewe, bali wewe ndiwe unayeichukua baiskeli. Mbele yako kuna mto, na maji yake yamekwisha kuwa mekundu. Nyuma yako kuna duka lenye baraza. Uvuke, au urudi barazani ungoje?

Swali hilo laonekana dogo, lakini wako watu waliopoteza maisha yao kwa kulijibu vibaya. Leo basi tutamtazama mtu mmoja aliyelazimika kulijibu mara nyingi, tena katika nchi za mbali, peke yake.

Mtu huyo ni Thomas Stevens. Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akahamia Marekani angali kijana. Tarehe 22 Aprili, 1884, aliondoka San Francisco, katika pwani ya magharibi ya Marekani, akaelekea mashariki. Tarehe 17 Desemba, 1886, aliimaliza safari yake ya baiskeli katika mji wa Yokohama, nchi ya Japani. Bahari alizivuka kwa meli, na katika nchi kavu alikwenda yapata maili 13,500. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli.

Lakini usiifikirie baiskeli yake kuwa kama ya kwako. Gurudumu la mbele lilikuwa na kimo cha inchi 50, yaani karibu kufika kifuani mwa mtu mzima, na la nyuma lilikuwa dogo sana. Haikuwa na mnyororo; pedeli zilifungwa katika gurudumu la mbele lenyewe. Mpira wake ulikuwa mzima, hauna upepo ndani, kwa kuwa Dunlop alikuwa bado hajatoa mpira wake wa upepo. Alifanya hivyo mwaka 1888. Mpandaji aliketi juu kabisa ya gurudumu kubwa. Likikwama ghafula katika jiwe au tope, alirushwa mbele, kichwa chini. Kwa hiyo kwa Stevens njia yenye utelezi haikuwa taabu tu, ilikuwa hatari ya kuvunjika shingo.

Sasa tazama mizigo yake. Alichukua soksi, shati moja la akiba, bastola, na koti la mvua. Koti hilo ndilo lililokuwa hema lake, na usiku ndilo lililokuwa tandiko lake. Jambo hili ni dogo, lakini mwanafunzi wa historia asilipite. Mtu huyu alipunguza kila kitu, hata nguo, ila hakuacha kitu cha kumkinga na mvua. Mvua aliitia katika mipango yake kabla hajaondoka.

Hakukaa sana kabla ya kujaribiwa. Mashariki ya San Francisco iko milima ya Sierra Nevada, na mwezi wa Aprili theluji ilikuwa bado imeifunika. Baiskeli haikuweza kupita. Lakini reli ilipita milimani humo, na wenye reli walikuwa wamejenga mabanda marefu ya mbao juu yake, urefu wa maili 40 hivi, ili theluji isiizibe. Stevens aliingia ndani ya mabanda hayo, akaenda kwa miguu, akisukuma baiskeli katika giza na moshi, katika njia ile ile ya gari moshi. Hivyo ndivyo alivyoivuka milima.

Tarehe 4 Agosti, 1884, alifika Boston, katika pwani ya mashariki. Sasa shika penseli yako. Habari za safari hiyo zilizoandikwa wakati ule zasema kwamba umbali ulikuwa maili 3,700 hivi. Siku za kwenda zilikuwa 83 na nusu. Siku za kukaa, kwa sababu ya mvua na vizuizi vingine, zilikuwa 20. Jumla ni siku 103 na nusu. Tena zaidi ya theluthi ya njia yote aliitembea kwa miguu.

Gawanya maili 3,700 kwa siku 83 na nusu. Utapata kama maili 44 kwa siku. Halafu gawanya maili zile zile kwa siku zote 103 na nusu. Utapata kama maili 36 tu. Hesabu zote mbili ni za kweli, lakini hazisemi jambo moja. Ya kwanza yasema jinsi mtu anavyokwenda siku anayokwenda. Ya pili yasema atafika lini. Mtu mwingine angalipanga chakula na fedha zake kwa hesabu ya kwanza, posho yake ingalikwisha siku 20 kabla ya kufika. Na mtu aliyeishiwa posho hawezi kungoja mto upungue; njaa itamsukuma majini. Hapo ndipo hesabu mbaya inapogeuka kuwa msiba.

Baada ya Boston, Stevens hakuondoka mara moja. Majira ya baridi ya 1884 na 1885 alikaa New York. Huko aliandika habari za safari yake katika gazeti moja lililoitwa Outing, na gazeti hilo likamfanya mwandishi wake maalumu. Mwezi wa Aprili 1885 alipanda meli kwenda Liverpool. Kwa hiyo miezi ile ya baridi haikupotea. Aliingia mjini kama msafiri tu, akatoka akiwa na kazi.

Toka Uingereza alipita Ufaransa, Ujerumani, Austria, Hungaria, Serbia, Bulgaria na Uturuki, akaingia Uajemi. Mwishoni mwa Septemba 1885 alifika Tehran, mji ulio chini ya milima ya Alborz. Baridi ikakaribia tena, naye akatua tena. Alikaa Tehran akiwa mgeni wa Shah mpaka mwezi wa Machi 1886, zaidi ya miezi mitano.

Jumlisha sasa. Toka Boston hata kupanda meli ni miezi minane. Tehran ni miezi mitano na zaidi. Safari nzima ilikuwa miezi 32 hivi. Kwa hiyo katika kila siku tano za safari, karibu siku mbili zilipita katika kungoja huku kwa mara mbili tu. Vitabu vingi husema, "Alizunguka dunia kwa baiskeli." Ni kweli. Lakini kalenda yatuonyesha mtu aliyekaa kitako muda mrefu sana, akiandika, akitengeneza vitu vyake na kutazama mawingu.

Tusidanganyane hata hivyo. Si kila kungoja kulitokana na hali ya hewa. New York alihitaji pia msaada wa kuendelea, na alipokuwa Tehran alinyimwa ruhusa ya kupita Siberia. Alipojaribu kupita Afghanistan, alikamatwa akarudishwa. Jua lilipokubali, serikali zilikataa. Ikambidi azunguke kwa njia nyingine mpaka Bara Hindi.

Na huko Bara Hindi tunajifunza jambo la mwisho. Alipanda baiskeli toka Lahore mpaka Calcutta mwezi wa Agosti na Septemba 1886, miezi ya mvua katika nchi ile. Kwa nini mvua haikumfungia kama theluji ya Sierra Nevada ilivyoifunga njia? Kwa sababu alifuata ile barabara kuu ya zamani, iliyoshindiliwa kwa kokoto za chokaa. Maji yalipita, barabara ikabaki ngumu. Basi mara nyingi kinachomzuia msafiri si mvua yenyewe, bali ni kile kilicho chini ya gurudumu lake. Watu wakiitengeneza barabara, wamempunguzia msafiri siku za kungoja.

Huenda utapenda kujua kwamba Stevens alifika hata kwetu. Mwaka 1889 gazeti moja la New York lilimtuma Afrika Mashariki kumtafuta Stanley, aliyekuwa akitoka bara pamoja na Emin Pasha. Safari hiyo hakuifanya kwa baiskeli; alikwenda na msafara wa wapagazi. Na wapagazi wa pwani na wa Unyamwezi hawakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba mto uliofurika hauna haraka na mtu yeyote. Wahenga walikwisha kusema: kawia ufike.

Lakini usiielewe methali hiyo vibaya. Haisifu uvivu. Kungoja kwa Stevens kulikuwa na mambo matatu. Alikuwa na kitu cha kumkinga, alikuwa na kazi ya kufanya alipokaa, na hali ya hewa ilipofunguka aliondoka. Aliyekaa bila ya hayo hakungoja, amekwama.

Sasa rudi kwenye mto wetu wa mwanzo, wenye maji mekundu. Mtu akikuuliza baadaye safari yako ilichukua siku ngapi, usione haya kuihesabu ile siku ya barazani. Ni siku ya safari kama nyingine, na huenda ndiyo iliyokufikisha.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Toka kijijini kwenu hata mji ulio karibu, ni siku ngapi wakati wa kiangazi, na ngapi wakati wa masika? Kwa nini zinatofautiana?

2. Katika mizigo ya Stevens, ni kitu gani ungaliacha, na ni kitu gani ungaliongeza?

3. Ni sehemu gani ya barabara yenu inayowangojesha watu kila mwaka? Ninyi wenyewe mwaweza kufanya nini?