Kuchechemea kwa farasi mzee
Kuchechemea kwa farasi ni kasoro ya mwendo inayotokana hasa na maumivu ya mguu au ukwato. Kwa farasi mzee chanzo cha kawaida ni kuchakaa kwa maungio ya mifupa.

Daktari wa mifugo humtazama farasi akitembea, huubana ukwato kwa koleo, kisha huweza kutia ganzi mguu kuanzia chini na kupiga eksirei. Picha za farasi mzee huweza kuonyesha mabadiliko ya mifupa yasiyoleta maumivu. Hivyo vipimo zaidi hufaa iwapo matokeo yatabadilisha matibabu. La sivyo, dawa ya maumivu kama fenilbutazoni huweza kujaribiwa kwanza. Lakini farasi asiyeweza kukanyagia mguu huchunguzwa mara moja: huenda amevunjika mfupa, au ana jipu la ukwato, ambalo kwa kawaida hupona likitumbuliwa.