Ushabiki kama Utunzi: Filamu za Kihindi, Taishokoto na Katuni za Kijapani katika Pwani ya Mombasa

Mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kuwachunguza vijana wa Timbwani, Likoni, wapendao katuni za Kijapani huelekea kuanza na swali hili: kwa nini kijana wa Pwani ashughulishwe na hadithi za watu wa mbali kiasi hicho? Swali hilo limekwisha kuhukumu kabla ya kuuliza. Linachukulia kuwa mapenzi ya kitu cha ugenini ni maradhi ya kutafutiwa chanzo, na mhojiwa, ambaye si mjinga, humpa mtafiti jawabu analolitaka. Makala haya yanadai kwamba historia ya sanaa za Mombasa inampa mhakiki swali lenye manufaa zaidi: shabiki hutunga nini kutokana na kile akipendacho?

Huko Japani kwenyewe hukumu ilitangulia uchunguzi. Neno otaku, ambalo asili yake ni namna ya adabu ya kumwita mtu kwa kuitaja nyumba yake, lilitumiwa na Nakamori Akio mwaka 1983 kuwakejeli mashabiki hawa. Alipokamatwa muuaji Miyazaki Tsutomu mwaka 1989, vyombo vya habari vililifungamanisha neno hilo na uhalifu. Ndipo Okada Toshio, katika kitabu chake cha 1996, akawatetea kuwa ni watazamaji stadi wa picha. Nchini Marekani, Henry Jenkins (1992) alikuwa amekwisha kuwaita mashabiki wa televisheni majangili wa matini: huingia katika milki ya wengine wakajitwalia kinachowafaa. Istilahi hiyo inavutia, ingawa kwetu sisi tulio jirani na Shimba Hills na Tsavo ujangili si neno la mzaha.

Shutuma ya hapa kwetu imekuwa ni kuiga. Wachezaji wa beni mwanzoni mwa karne ya 20 walivaa sare za kijeshi na kupeana vyeo, jambo ambalo kijana ajivikaye leo kama mhusika wa katuni angelielewa bila kufasiriwa. Terence Ranger (1975) alionyesha kwamba ndani ya sare hizo mlikuwa na mashindano ya miji ya Waswahili yaliyotangulia bendi zenyewe.

Mfano ulio karibu zaidi na fasihi ni Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014). Bhalo aliimba lahani za filamu za Kihindi kwa maneno ya Kiswahili, na miongoni mwa waliomtungia ni Ahmad Nassir, malenga wa Malenga wa Mvita (1971). Aliyeisikiliza lahani peke yake aliweza kusema kuwa haya ni ya Wahindi, akaondoka. Lakini lahani ya filamu huja na urefu wake na mapumziko yake. Mshairi aliyezoea kugawa mshororo mizani minane kwa minane ana njia mbili: ama aunde bahari nyingine iitoshe lahani, ama amwachie mwimbaji avute silabi hadi zienee. Vyovyote achaguavyo, kazi hiyo haifanywi na mtu aliyeipitia filamu mara moja. Huifanya mtu aliyesikiliza na kurudia kusikiliza, akajua pumzi inakatwa wapi. Huko ndiko kushabikia. Na kilichotiwa ndani ya lahani ni mafumbo ya Kimvita yenye vina, juu ya mapenzi na hiana. Katika kufundisha ushairi tumekishika kitabu na kuuacha wimbo, ilhali malenga ni yule yule. Naona kosa hili kuwa kubwa kuliko tunavyolikubali.

Liko pia jambo ambalo wanaoshangazwa na Ujapani wa vijana huwa wamelisahau. Taishokoto, kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo mithili ya taipureta, kilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na Morita Gorō. Kilienea hadi Bara Hindi, na kikawa ala ya taarabu ya Mombasa. Sauti yake inasikika katika nyimbo za Zuhura Swaleh. Aliyekipiga hakuulizwa anaipendea nini Japani. Aliulizwa kama anajua kupiga.

Basi mtafiti avukaye feri kwenda Timbwani na aache hojaji kwa muda, aombe kuonyeshwa: daftari la michoro, kisa kilichoongezwa pale mfululizo ulipokatika, majina ambayo wahusika wamebandikwa. Suala la majina halina udogo. Katika tafsiri ya Kiarabu, mchezaji kandanda wa Takahashi Yōichi, Tsubasa, aligeuzwa Majid, na kwa jina hilo watoto wa Ghuba walimpenda. Katika Kiswahili, Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya walizifasiri filamu za kigeni kwa sauti zao, na hadhira ikawafuata wao pamoja na filamu. Likoni ni mahali ambapo Kimvita, Kidigo na Sheng hukutana katika kibaraza kimoja. Kijana anapowasimulia wenziwe pigano la katuni aliyoitazama kwa Kijapani na kuisoma kwa Kiingereza, shujaa hunena kwa lugha ipi, na adui je? Kinasa sauti kiwekwe hapo.